Kichwa kinawasha na fangasi haishi: angalia dalili yako kwanza kabla hujapaka kitu kingine

Maswali ya kichwa kuwasha karibu yote yanakuja kwa namna moja, mtu anaandika "nina fangasi kichwani, nimepaka kila kitu haiponi, sasa nipake nini", na mimi kabla sijajibu namuuliza kwanza: hapo panapowasha nywele zikoje? Zipo kama kawaida au zimekatika? Manake hilo ndo linaamua kama vitu vya nyumbani vitakusaidia au utapoteza miezi bure huku mtoto anapoteza nywele.

Iko hivi. Kuna fangasi anaitwa Malassezia, huyu anakaa juu ya ngozi na karibu kila mtu mzima anaye, anakula mafuta yanayotoka kwenye ngozi, na akizidi au ngozi ikishindwa kumvumilia ndo unapata mba na muwasho. Alafu kuna fangasi wa mapunye, hawa kina Trichophyton na Microsporum, hawa hawaishii juu, wanaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka chini kwenye shina. Wa kwanza shampuu inamfikia. Wa pili upake siki, upake kitunguu, upake krimu ya aina gani, dawa haifiki alipo. Watu wengi wanaohangaika muda mrefu wanatibu wa kwanza wakati wana wa pili.

Kwa hiyo kabla ya yote fanya hivi. Usipake mafuta siku hiyo, kaa karibu na dirisha mchana, mwombe mtu achukue kitana chenye mkia apasue mistari kichwani kama anataka kusuka, afike hadi utosini na nyuma ya masikio na kisogoni, apige picha kwa simu kisha akuze. Unatafuta vitu vitatu tu: magamba yakoje, unywele unatoka kwenye ngozi ukiwa mzima au umekatikia pale pale, na kama kuna uvimbe au majimaji. Alafu tafuta dalili yako hapa chini.

Unga au magamba, nywele zipo kama kawaida

Hii ndo inayoripotiwa sana na sababu yake ya kwanza ni mba, au mba mkali ule wenye magamba ya njano njano yanayonata. Utamjua kwa sababu hakai kichwani peke yake, angalia kwenye nyusi, pembeni ya pua, nyuma ya masikio, wengine hadi kifuani. Kwa mtu mweusi usitafute wekundu, mara nyingi huuoni, utaona mabaka yaliyofifia rangi kwenye mstari wa nywele au karibu na pua na watu wanadhani ni ugonjwa mwingine kabisa.

Sababu ya pili ni mabaki ya jeli, mafuta na spreyi. Hii inapimika kirahisi, osha kichwa mara mbili mfululizo kwa shampuu ya kawaida, suuza vizuri, usipake kitu kwenye ngozi siku kadhaa. Kama unga haurudi mpaka upake jeli tena basi jibu umelipata na hukuwa na fangasi. Ya tatu ni ukavu tu, vipande vidogo vikavu visivyonata, na ukiangalia miguu na mikono nayo imekauka. Ya nne ni soriasisi, hapo magamba ni mazito, meupe ya kung'aa, yana mpaka unaoonekana wazi na mara nyingi yanavuka mstari wa nywele kuja kwenye paji, angalia viwiko na magoti kama navyo vina mabaka. Soriasisi haiambukizi na sio fangasi, inahitaji daktari wa ngozi.

Sasa kama ni mba, hatua ya kwanza haina gharama: acha kupaka mafuta kwenye ngozi ya kichwa. Najua tumelelewa tukiambiwa kichwa kikiwa na unga ni kikavu kinataka mafuta, ila huyu fangasi chakula chake ni mafuta, na mengi ya mimea tunayopaka yana aina ya mafuta anayoyatumia, ya zeituni yakiwemo. Unapaka jioni muwasho unatulia kidogo kwa sababu magamba yamelainika, baada ya siku mbili unarudi na nguvu. Mafuta yapake kwenye urefu wa nywele, ngozi iache. Kama magamba ni mazito na unataka kuyalainisha kabla ya kuosha tumia mafuta ya madini, haya yanayouzwa sana kwa ngozi ya watoto wachanga, hayo fangasi hali, kisha uyaoshe yote.

Hatua ya pili ni shampuu yenye dawa, na hapa ndo wengi wanaharibu. Soma nyuma ya chupa utafute zinki pairithioni, seleniamu salfaidi au ketokonazoli (hii inakuja asilimia 1 au 2). Mtu anapaka, anasugua povu, anasuuza hapo hapo, alafu anasema dawa haifanyi kazi. Inatakiwa ikae kwenye ngozi kama dakika 5, na nimesema ngozi sio nywele. Pasua mistari, weka kidogo kwa ncha ya kidole kwenye kila mstari, sugua taratibu bila kucha, angalia saa, ndo usuuze. Mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4. Mwenye nywele ngumu zinazojikunja au zilizowekwa dawa, kuosha hivyo kunaweza kuzikausha zikakatika, nenda na mara 1 kwa wiki, shampuu kwenye ngozi tu na kondishena nyingi kwenye urefu. Seleniamu suuza sana na vua vito vyako, na kama nywele umepaka rangi au una mvi ujue inaweza kuzibadilisha rangi. Ukimaliza wiki 4 hamna mabadiliko badilisha kiambato, usibadilishe jina la chupa tu ukakuta ndani ni kile kile. Na ukipona usiache ghafla, endelea mara 1 kila wiki au kila wiki 2, kwa sababu Malassezia haondoki moja kwa moja, anapunguzwa.

Vitu vya nyumbani sasa, maana ndo mnavyoviulizia. Nitasema ukweli kimoja kimoja, na kumbuka naongelea mba tu.

Mafuta ya mti wa chai (tea tree oil) yana ushahidi kiasi. Kuna utafiti wa mwaka 2002, watu 126, shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta hayo kwa wiki 4, hali ikapungua kwa asilimia 41 na wale waliopewa shampuu isiyo na dawa ikapungua asilimia 11. Ni nafuu ya maana ila sio muujiza. Lakini hiyo ni asilimia 5 ndani ya shampuu, sio unachukua kichupa unamwaga kichwani, yakiwa hayajachanganywa yanaleta mzio unaowasha kuliko mba wenyewe, na mtoto akiyanywa ni sumu, weka mbali, hata paka wa nyumbani yanamdhuru.

Asali ilijaribiwa kwa watu 30 wenye mba mkali, utafiti ulitoka 2001, asali imechanganywa na maji ya uvuguvugu kidogo tu, asali ikiwa asilimia 90, inapakwa siku moja inarukwa moja, inakaa masaa 3 ndo inaoshwa. Muwasho ulipungua, magamba yakaisha, ila wengi walioacha tatizo likawarudia. Ni utafiti mdogo na kazi yake inanata, lakini haina madhara kwa asiye na mzio wa asali, ukiwa na uvumilivu jaribu.

Shubiri, ule ute wa ndani, unatuliza muwasho. Kata jani, acha yale maji ya njano yachuruzike kabisa kwanza manake hayo yenyewe yanawasha, paka ute mweupe nusu saa, osha. Ichukulie kama kitulizo, shampuu iendelee.

Siki ya tufaha watu wanaiamini sana. Ni asidi, inasaidia kuondoa mabaki na wapo wanaoona nafuu, ila ipunguze, kijiko 1 au 2 kwenye kikombe kizima cha maji, dakika chache, suuza. Usithubutu kuipaka kavu kavu, na usiipake kabisa kama umejikuna ukatoa damu, inaunguza ngozi kweli.

Na hivi hapana. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza, hospitali zimeshapokea watu wenye malengelenge ya kitunguu. Ndimu na limau ukipaka ukatoka juani ngozi inaungua inabaki na madoa meusi muda mrefu. Magadi na baikabonati vinaharibu nywele na kukausha ngozi. Mafuta ya taa, petroli, maji ya betri, dawa ya wadudu wa mimea, naomba sana, hasa kwa watoto. Hivyo vinaingia mwilini kupitia ngozi na hewa, vinashika moto, vinaunguza, na watoto wameshapata madhara makubwa kwa sababu ya mtu mzima aliyetaka kuwasaidia.

Mabaka ya mviringo, nywele zimekatika, hasa kwa mtoto

Hapa simama usome taratibu. Mtoto wa kama miaka 3 hadi 14, kichwa kina baka lenye magamba ya kijivu, nywele zimekatikia juu kidogo ya ngozi au zimekatikia kwenye ngozi kabisa mpaka unaona vidoti vyeusi, pengine na vitezi vimevimba kisogoni au nyuma ya masikio. Hayo ni mapunye mpaka ithibitike vingine. Mara nyingine baka halionekani vizuri, unaona magamba tu kama mba, na hapo ndo wazazi wanapotea. Mtoto ambaye hajafika umri wa kubalehe hana mafuta mengi kichwani, mba kwake sio kawaida ukimtoa mtoto mchanga mwenye ukoko wa utosini. Kwa hiyo mtoto wa shule mwenye "mba sugu" mpeleke akapimwe.

Sababu nyingine za baka, ambazo ni chache zaidi: upara wa mabaka, huo ngozi inakuwa laini kabisa haina magamba na kwa kawaida hauwashi; kusuka kwa kubana sana, huo unaanzia pembeni za uso; na mtoto mwenyewe kuvuta nywele.

Dawa ya mapunye ni ya kumeza. Narudia kwa sababu hapa ndo pesa na muda vinapotelea, hakuna krimu wala mafuta wala jani linaloponya mapunye peke yake. Daktari ataandika griseofulvini, hii kwa kawaida wiki 6 hadi 8 na wakati mwingine zaidi, au terbinafini kama wiki 4 hadi 6, na dozi inapigwa kwa uzito wa mtoto, ndo maana usimpe vidonge vilivyobaki vya kaka yake. Griseofulvini inywewe na chakula chenye mafuta, mwili unaipokea vizuri zaidi. Mjamzito haipewi, na mwenye ini bovu amwambie daktari mapema. Muwasho ukiisha wiki ya pili usikatishe, fangasi bado yumo kwenye unywele.

Kazi ya nyumbani kwenye mapunye ni kuzuia kusambaa, na kazi hiyo ni kubwa. Osha kichwa kwa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 au seleniamu mara 2 kwa wiki, inapunguza mbegu za fangasi zinazodondoka. Angalia vichwa vya wote ndani ya nyumba, wakubwa pia, kuna mtu anabeba mapunye haoni dalili yoyote na ndo anayewarudishia watoto kila wakipona. Kila mtu kitana chake. Vitana na brashi ondoa nywele zote, osha kwa sabuni, loweka dakika 10 kwenye klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza. Kofia, vilemba, foronya, taulo, fua kwa maji ya moto. Mashine ya kunyolea isitoke kichwa hiki kwenda kingine bila kusafishwa. Kama kuna paka au mbwa ndani mwenye manyoya yaliyonyonyoka apelekwe kwa daktari wa mifugo, Microsporum canis anatoka kwao, na wakati mwingine paka anaonekana mzima kabisa.

Kunyoa upara sio tiba, mzizi unabaki chini, ila kunarahisisha kuosha. Kama mtoto hataki usimlazimishe. Na akishaanza vidonge na shampuu hana haja ya kukaa nyumbani, aende shule, asiazimane kofia na wenzake.

SIMAMA HAPA: baka likivimba likawa laini kama sifongo, linauma, linatoa usaha, nywele zinang'oka zenyewe, nenda hospitali siku hiyo. Ni mwili unapambana na fangasi kwa nguvu sana, linafanana na jipu ila usilipasue wala usiruhusu mtu alikamue. Likicheleweshwa linaacha kovu na penye kovu nywele hazioti tena.

Vipele vyenye usaha

Mara nyingi ni mashina ya nywele yaliyopata bakteria, baada ya kunyoa karibu sana au kusuka kwa kubana. Fumua, acha kunyoa chini kabisa, osha kila siku kwa sabuni laini, kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Siku chache vinapungua. Vikiongezeka, ukipata homa, au vikiwa kisogoni kwa wanaume vinageuka kuwa vinundu vigumu, usiendelee kujitibu, vile vya kisogoni ukiviacha vinakua makovu makubwa.

Kilianza baada ya rangi, dawa ya nywele, gundi ya wigi au rasta mpya

Hesabu siku. Kama muwasho ulianza ndani ya siku 1 hadi 3 baada ya kitu kipya, hasa rangi nyeusi, mzio unawezekana kuliko fangasi. Rangi nyingi zina kemikali inaitwa PPD na mtu anaweza kuitumia miaka bila tatizo ndo ikamkataa. Osha kitoke, usirudie. Rasta zikiwasha tangu siku ya kwanza fumua, na safari ijayo ziloweke kwenye maji yenye siki, suuza, anika ndo usuke, wengi linawasaidia. Dawa ya kulainisha nywele ikiacha vidonda, usipake kitu chochote cha asidi wala shampuu ya dawa mpaka ngozi ifunge. Uso au macho yakivimba, au ukipumua kwa shida, hiyo ni dharura, hamna cha kusubiri asubuhi.

Inawasha sana nyuma ya masikio na kisogoni

Chawa. Shika kale kadoti keupe kwenye unywele uvute kwa kucha mbili, gamba la mba linateleza linadondoka, yai la chawa limeganda haliendi. Dawa za fangasi hapa hazina kazi, tumia kitana chenye meno ya karibu kwenye nywele zilizolowa kondishena na shampuu ya chawa, na angalia wote mnaolala pamoja.

Inapoa alafu inarudi, inapoa inarudi

Kabla hujasema dawa ni feki pita kwenye haya. Umeacha mapema? Umevaa wigi au kusuka juu ya nywele mbichi, ngozi ikakaa na unyevu siku nzima? Mnachangia kitana au kofia? Kinyozi anasafisha mashine?

Kama majibu yote ni sawa, angalia tyubu unayopaka. Krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi ndani, tafuta maneno betamethasoni au klobetasoli. Hizo zinazima muwasho haraka ajabu, ndani ya siku moja mbili mtu anafurahi, lakini kwenye mapunye zinapunguza nguvu ya ngozi kupambana, fangasi anatambaa kimya kimya na baka linabadilika sura mpaka daktari anapata shida kulitambua. Ukiacha inalipuka. Kama umeshaitumia muda mrefu usiongeze, nenda kapimwe.

Vidonge vya ketokonazoli navyo usinunue mwenyewe. Shampuu yake haina shida, ila vya kumeza vinaweza kuumiza ini vibaya, ndo maana mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visitishwe kwa ugonjwa wa fangasi.

Alafu kuna mba unaokuja ghafla, mkali, umeenea usoni na kifuani, hausikii dawa iliyotumika vizuri. Huo wakati mwingine ni mwili unaonyesha kinga imeshuka, ni busara kupima VVU, na kwa wazee unaonekana sana kwa wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa mikono kutetemeka na mwili kukakamaa. Sisemi hivi kukutisha, wengi wenye mba wana mba tu, ila kupima ni kipimo kimoja na ukijua mapema unatibiwa.

Ukienda kwa daktari usioshe kichwa asubuhi hiyo na usipake dawa ya fangasi siku kadhaa kabla, kwa sababu atakwangua magamba na kuchukua vipande vya nywele zilizokatika aangalie kwa darubini, na dawa inaweza kuficha fangasi. Kipimo cha kuotesha kinachukua wiki 2 hadi 4, kwa mtoto mwenye dalili wazi muulize kama anaweza kuanza dawa wakati mnasubiri. Beba kila chupa na kila tyubu uliyopaka, hata ile ya majani uliyopewa na jirani, na zile picha ulizopiga kabla hujapaka kitu.